Nilikataa Kumwita Fisi

Mwaka huu nimekuwa mwanafunzi tena. Jioni, nikimaliza kuanua mihogo yangu kutoka kwa mawe mahali inakauka, naosha miguu, nachukua daftari, naenda kwa darasa la watu wazima katika shule ya msingi hapo karibu na barabara ya kwenda Busia. Madawati ni ya watoto, magoti yetu yanagonga mbao. Nilianza na kuandika jina langu. Sasa naandika barua, na hii ndiyo kitu ndefu zaidi nimewahi kuandika.

Siku moja mwalimu alituletea hadithi ya Ulaya. Kulikuwa na mtu mzuri, ana shamba na bibi, anasalimia watu. Lakini mwezi ukijaa anaota manyoya mwili mzima, anakuwa mbwa mwitu, anaenda kula kondoo za majirani. Asubuhi anaamka mtu tena, hakumbuki kitu, ila kuna damu chini ya kucha. Mwalimu alisoma polepole, na sisi tukifuata kwa kidole.

Alipomaliza, mzee mmoja Mwislamu anayeuza vitenge mjini akafunga kitabu chake. Akasema huyo mtu wa Ulaya ni mvivu, ati mpaka angojee mwezi.

"Huku kwetu, mwalimu, mtu hangoji mwezi. Akisikia kuna matanga na ng'ombe ameangushwa, anageuka saa sita mchana."

Wenzangu walicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Mama mmoja anayevuka kutoka upande wa Uganda akasema kwao wako watu wanaonusa makaburi mapya. Mwingine akasema kwao ni chui. Mwalimu akafurahi, akatuambia kila mtu aende aandike hadithi ya kwao ya mtu na mnyama, kwa mkono wake mwenyewe, tusome wiki ijayo. Akanigeukia, kwa sababu mimi nilikuwa nimenyamaza.

"Na wewe, mama?"

Nikamwambia mimi nimeokoka, sina hadithi za namna hiyo. Hapo nilidanganya, na nilidanganya nikitaja wokovu wangu. Hadithi nilikuwa nayo, na ilikuwa imetoka kwa tumbo langu.

Nilizaliwa upande wa Butula, nikaolewa Samia, si mbali na soko la Funyula. Mume wangu alikuwa mtu wa malori, wiki tatu yuko njiani, siku mbili yuko nyumbani. Kwa hivyo mtu niliyeolewa naye hasa ni mama yake. Tuliishi mimi na yeye. Wajukuu wote walimwita kukhu, ndiyo nyanya kwa lugha yetu, na mimi pia nitamwita hivyo hapa.

Mtoto wangu wa kwanza alikufa na wiki mbili. Wa pili alikufa na miezi minne, alipokuwa ameanza kucheka. Baada ya huyo wa pili nilienda kwa mkutano wa injili uliokuwa umewekwa uwanjani, nikaokoka, na sijawahi kurudi nyuma mpaka leo. Nataka hiyo ieleweke. Siandiki haya kwa sababu imani yangu imepungua.

Wa tatu alikuwa msichana. Alipozaliwa, kukhu hakupiga vigelegele. Alimwangalia tu, akasema, "Huyu tutamficha." Kwetu mtoto akizaliwa baada ya wengine kufa, anapewa jina baya. Wengine wanaitwa majivu, wengine jalala. Wake alichagua fisi. Kifo kikija kutafuta mtoto mzuri, kisikie hapo kwa hiyo nyumba kuna fisi tu, kiende zake. Na si jina peke yake. Mtoto anatupwa, kisha anaokotwa.

Siku ya tatu kukhu aliingia kwangu na kipande cha gunia. Nilijua amekuja kufanya nini. Nikamwambia mtoto ni wa Yesu, Yesu hana haja ya gunia. Hakubishana na mimi. Alimchukua kwa mikono yangu pole pole, kama mtu anayechukua yai kwa kuku anayeatamia, na mimi sikumzuia, ndiyo shida yangu ilipoanzia. Kama niliamini ni dhambi, ningemshika mtoto. Kama niliamini itamsaidia, ningesimama nione. Nilifanya kitu cha katikati. Niligeukia ukuta, nikaanza kuimba nyimbo za kanisa kwa nguvu ili nisisikie.

Huko nje, chini ya migomba mahali tulikuwa tunatupa majivu na maganda, mtoto wangu alilazwa juu ya uchafu. Jirani yetu, mama mmoja wa kabila la Wateso ambaye kukhu alikuwa ameongea naye mapema, akapita kama mtu anayeenda zake mtoni. Akamwokota. Mtoto akarudishwa kwangu akiwa na majivu kwa paji la uso, na kuku mmoja wetu akaenda kwa huyo mama Mteso. Hayo ndiyo nilijua. Maneno yaliyosemwa huko sikuyasikia, nyimbo zangu ziliyafunika.

Mtoto aliishi. Nilimbatiza jina la Biblia, na nikatangaza nyumbani kwamba hilo ndilo jina, hakuna lingine. Kukhu alisema sawa. Kisha akaendelea kumwita fisi kila siku, jikoni, shambani, akimpikia viazi. Na mtoto alikuwa anaitika jina hilo haraka kuliko la kwangu.

Kukhu alikuwa na hadithi moja ya fisi aliyokuwa anamhadithia tukimenya mihogo mchana. Fisi jike alichoka kufukuzwa kila mahali na kuchekwa. Akaomba mto umpe ngozi ya mtu. Mto ukampa, lakini ngozi haikufika mguu mmoja. Akaolewa, akafunga huo mguu kwa kitambaa, akasema ni kidonda. Alilima vizuri. Hakuwa na watoto, akalea wa mke mwenzake aliyekufa. Njaa ikaja. Watu wote walikuwa wanalia, lakini watoto wake walikuwa wanalala wameshiba, kwa sababu alikuwa anaenda mbali, mahali mtu hawezi kwenda, analeta mifupa, anaivunja kwa meno, anawapa uboho. Majirani wakafuata nyayo. Nyayo moja ya mtu, moja ya fisi. Wakamfukuza kwa mawe.

Hapo binti yangu alikuwa anauliza, kila mara, "Na watoto walimfuata?"

Kukhu alikuwa anajibu kulingana na siku. Siku zingine walimfuata. Siku zingine walisaidia kurusha mawe. Siku moja alisema, "Mmoja alimfuata mpaka mtoni, akarudi kwa sababu ugali ulikuwa umeiva." Binti yangu alicheka akaanguka juu ya maganda. Mimi nilikuwa hapo naosha mihogo. Nilisema hizo ni hadithi za mapepo, ziachwe. Kukhu akanipa kisu nimalizie.

Sasa nifike kwa ile siku.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na moja. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wamesimama nje wanasalimiana, watoto wako kando ya jengo. Nikasikia mtoto analia, na si kilio cha kucheza. Nikakimbia. Binti yangu alikuwa amemuuma msichana mwingine kwa sikio. Alikuwa amemuuma sana, damu imefika kwa kola ya gauni nyeupe. Msichana alikuwa wa mmoja wa wazee wa kanisa. Na binti yangu amesimama, mdomo una damu, ananiangalia.

Mtu mmoja nyuma yangu akasema, kwa sauti ya chini lakini nilisikia, "Si waliambiwa. Mtoto akiitwa fisi, atakuwa nini?"

Nilivua kiatu. Nilimpiga hapo mbele ya kanisa lote. Nilimpiga mgongo, mikono, nilimpiga akiwa amekaa chini. Nilimwambia yeye ni mnyama. Sikumbuki niliacha saa ngapi, nakumbuka tu watu wamenishika mikono. Miaka mingi baadaye mama mmoja wa kwaya, tukiwa tunapanga viti, aliniambia kitu bila ubaya. Aliniambia ile siku nilikuwa natoa sauti. Nikamuuliza sauti gani. Akasema hajui aiite nini, haikuwa maneno, ilikuwa inatoka hapa, akashika koo. Watoto wadogo walikimbia. Walikuwa wananikimbia mimi.

Nilipomsikia mwalimu akisoma habari ya yule mtu wa Ulaya anayeamka hakumbuki, kuna damu chini ya kucha, wenzangu wakacheka, ndiyo sababu mimi sikucheka.

Lakini kumpiga sicho kitu kibaya zaidi. Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Tukifika karibu na migomba akasimama. Akanieleza, bila kulia, kwamba yule msichana alimwambia mbele ya wengine eti kabla yake kulikuwa na watoto wawili, na yeye ndiye aliwala akiwa tumboni, ndiyo maana akaitwa fisi. Mimi sikuwa nimewahi kumwambia kuhusu hao wawili. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilifikiri ukiokoka unaacha vya nyuma nyuma.

Akaniuliza, "Mama, ni mimi nilikula wao?"

Ilikuwa inataka neno moja tu. Ningesema hapana. Ningesema walikuwa wagonjwa, ilikuwa homa, na wewe ulipewa jina hilo kwa sababu tulikuwa tunakutaka sana mpaka tukaogopa kuonyesha. Hayo yote niliyajua. Lakini nilisikia lile swali likitoka kwa mdomo ule wenye damu iliyokauka, na nikaona kwamba si mtoto wangu anauliza, ni kitu ndani yake kinakiri. Niliweka mkono juu ya mdomo wake, nikaanza kukemea.

Siku iliyofuata nilimpeleka kwa maombi. Alilala kwa nyumba ya maombi siku tatu, bila chakula, maji tu, watu wakipokezana kumwekea mikono kichwani ili roho ya mnyama imtoke. Nilikuwa mmoja wao. Siku ya tatu alisema kile alichotakiwa kusema, kwamba ameacha jina hilo, ameacha hadithi. Tulimshukuru Mungu. Nilimpa uji njiani, akaunywa pole pole, akarudisha kikombe akasema asante. Tangu hiyo siku hakuniuliza swali lingine lolote. Hata la shule.

Kukhu nilimwambia asimhadithie tena, na asimwite tena. Nilimwambia nikiwa nimesimama na yeye ameketi. Alisema, "Wewe ndiye mama." Alikufa baada ya miaka mitatu. Miezi ya mwisho alikuwa anaita jina hilo akiwa kitandani, na binti yangu, aliyekuwa shule ya bweni, hakuletwa, kwa sababu nilisema mitihani iko karibu. Ilikuwa kweli iko karibu. Lakini si hiyo ilikuwa sababu.

Binti yangu alimaliza shule, akaenda Malaba. Sasa ana kibanda chake cha chakula nyuma ya mahali malori yanapanga foleni, anapikia madereva ugali wa muhogo na matumbo. Aliolewa na kijana wa huko. Alinipigia simu sikukuu, alinitumia sukari, heshima yote ilikuwepo. Mimba ya kwanza mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Nilienda, nikamwombea, nikarudi.

Wiki mbili baada ya lile darasa, simu ililia nikiwa nageuza mihogo. Alikuwa amejifungua msichana, yuko hai, ana siku moja. Nilipiga magoti hapo hapo kwa mawe. Alingoja nimalize kushukuru. Kisha akasema anataka mtoto aokotwe vile yeye aliokotwa, aitwe vile yeye aliitwa, na anataka mimi nije nifanye kazi ambayo kukhu alifanya.

Nilimuuliza nani alimwambia habari hiyo. Akasema ni yule mama Mteso, jirani. Alienda kwake akiwa na miaka ishirini, akakaa kwake siku nzima, na yule mama akamwambia yote, hata wale wawili, hata mahali walizikwa.

"Nilijulia kwake," akasema. "Sikujulia kwako."

Nikamjibu nini? Nilimjibu vile nimejizoeza kujibu. Nilisema mtoto ni wa Mungu, Mungu anatosha, tuombe. Kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilikuwa mkono ule ule juu ya mdomo wake. Nilisikia lori likipiga honi kwake. Akasema, "Sawa, mama," akakata.

Siku mbili sikulala vizuri. Niliomba, na sitasema nilipata sauti kutoka mbinguni, sikupata. Niliona tu kwamba nilipogeukia ukuta ile mara ya kwanza, haikuwa Mungu aliyeniambia nigeuke. Niliogopa kumpenda wa tatu kabla sijajua ataishi. Kukhu pia aliogopa, lakini yeye aliogopa akiwa amembeba. Asubuhi ya siku ya tatu niliamka, nikapitia kwa mama Mteso nimuombe tuende pamoja, anifundishe. Mlango ulikuwa na kufuli. Wajukuu wake wakasema ameondoka jana na kuku kwa kikapu, ameenda Malaba.

Nilifika mchana. Nilikuwa na gunia la unga na Biblia. Niliwakuta nyuma ya kibanda, yule mama Mteso, sasa mzee, ameketi kwa kiti cha plastiki, miguu imevimba, mtoto mapajani, majivu kwa paji la uso. Kila kitu kilikuwa kimeisha. Hapo hakuna migomba, walimlaza karibu na tairi kuukuu mahali wanamwaga jivu la makaa. Mama mmoja wa Uganda anayeuza ndizi ndiye alimwokota. Mzee Mteso mwenyewe alisimama mahali pangu.

"Mama kanisa," akaniambia, "umekuja kwa sherehe ya jana."

Niliketi chini karibu naye. Nikamuuliza kile sikuwahi kumuuliza kwa miaka ishirini na zaidi. Ile siku, nje, walisema nini?

Aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kiteso, pole pole. Yeye alisema ameokota mtoto wa fisi, nani anamtaka. Kukhu akasema hakuna anayemtaka, sikia, hata mama yake anaimba, hamwangalii. Na kweli nilikuwa naimba. Kukhu aliuchukua ukaidi wangu akautumia, ili kifo kisikie na kiamini. Kisha mtoto analetwa mpaka mlangoni, na hapo mama anatakiwa kuwa ndani, aite hilo jina baya kwa upendo, ili mtoto ajue hata kama ni fisi yuko na kwao. Hiyo ndiyo ya mwisho.

"Tulikungoja," akasema mzee. "Wewe ukaendelea na nyimbo. Basi yeye akaingia akamwita badala yako. Alisema tukuache, siku moja utaita."

Binti yangu alikuwa ndani ya kibanda, siku nne baada ya kuzaa, amesimama kwa sufuria ingawa tulimwambia aketi. Mgongo wake ulikuwa kwangu. Nilisimama mlangoni. Nikamwita. Nililitamka hilo jina kwa lugha yetu, vile kukhu alikuwa analitamka, na lilitoka dogo, kama la mtu anayeuliza njia.

Mwiko ulisimama. Kisha ukaendelea.

"Mwenye kuita hukaa ndani," mzee Mteso akasema nyuma yangu. "Wewe uko nje, mama kanisa."

"Wacha aingie basi," binti yangu akasema, bila kugeuka. "Kuna jua hapo."

Niliingia. Nilitaka kumwita tena, sasa nikiwa mahali panapofaa, na nilitaka kumwambia kuhusu hao wawili, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, na kwamba hakuwala. Lakini madereva wawili waliinamisha vichwa kwa mlango wakaagiza chakula, mmoja akataka pilipili, na binti yangu akaanza kuwapakulia. Mpaka walipomaliza kula mtoto alikuwa analia. Nilimwambia jioni, tukiosha vyombo. Nilimwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho akisugua sufuria moja, ile ile moja.

"Najua, mama," akasema. "Nilijua. Nilikuwa nataka tu uniambie nikiwa mdogo."

Hakusema kwa hasira. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira.

Mjukuu wangu sasa ana miezi mitano na anakula kila kitu kinachofika mkononi. Namwita fisi, na anacheka. Pia namwombea, kwa jina hilo hilo, na sijaona mbingu zikianguka. Kila Jumapili nikitoka kanisani napigia mama yake simu, na akishika namwita kwa jina ambalo nilikataa. Kila mara nangoja aitike, vile alikuwa anaitika akiwa jikoni kwa kukhu, haraka, kabla jina halijaisha.

"Sema, mama," ananiambia.